Cha kupika jana yake kwa ajili ya Krismasi: makaroni, viazi, machalari au makande?

Krismasi ya Uchagani ina pengo lake, na kila aliyewahi kushika jiko siku hiyo analijua. Ibada ikiisha yapo matangazo, na matangazo yakiisha upo mnada: mkungu wa ndizi unapandishwa bei, jogoo mmoja anauzwa mara tatu kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena, na waliokuja kutoka Dar wanataka majina yao yasikike. Watu wanafika nyumbani saa saba, saa nane. Watoto wameanza kuvua viatu vipya njiani. Mbuzi yuko motoni, lakini mbuzi hana haraka. Kabla ya saa kumi hakuna atakayepata zaidi ya kipande cha ini cha kuonja.

Pengo hilo la saa mbili au tatu ndilo linalozibwa na chakula kilichopikwa jana yake. Hapa nalinganisha vyakula vinne ambavyo watu wa Moshi na Arusha huvikimbilia: makaroni ya kuoka, treya ya nyama ya kusaga na viazi vya kuponda, machalari (ndizi za mchuzi wa nyama), na makande. Pilau na biriani nitazigusa kidogo baadaye, maana najua kuna atakayeuliza.

Sishindanishi utamu. Vikiwa vimetoka motoni sasa hivi, vyote vinne ni vitamu, na anayebisha anatetea tu jiko la mama yake. Ninachoangalia ni mambo matatu: usiku unakifanyia nini chakula hicho, asubuhi kinataka moto wa namna gani, na kama kinaweza kupanda mlima ndani ya gari bila kumwagika. Hili la tatu watu hulisahau. Wengi wetu tunapika mjini, Pasua au Shanty Town au Sakina, halafu tunakula kwa wazee, Kibosho, Marangu, Poli au Akeri. Kati ya jiko na meza kuna kona nyingi.

Na kabla sijaanza: kama nyumbani kuna mbuzi, huna haja ya kujaza nyama kwenye kila chombo. Nimeona meza yenye pilau ya nyama, makaroni ya nyama, ndizi nyama, kisha mbuzi mzima anafika watu wakiwa wameshiba. Chakula cha kuziba pengo kazi yake ni kuwatuliza watu, si kumshinda mbuzi.

Makaroni na viazi

Hivi viwili watu huvihesabu kuwa kitu kimoja. Vyote huokwa kwenye treya, vyote huwekewa nyama ya kusaga, vyote hutaka oveni. Lakini vilaze usiku mmoja uone.

Makaroni hayaachi kunywa. Umeyachemsha, umeyachuja, umeyachanganya na nyama ya kusaga yenye mchuzi wa nyanya, umemwagia mchuzi mweupe wa maziwa, umekwangua chizi juu, umefunika kwa foili na kuingiza kwenye friji. Usiku kucha yanaendelea kufyonza. Asubuhi ukifunua, ule mchuzi uliokuwa ukicheza treyani jana haupo. Ukibonyeza kwa kijiko hakitoki kitu. Ukioka hivyo hivyo unapata chakula kikavu kinachokwama kooni, na watu wazima watakula kijiko kimoja cha heshima, kisha sahani inawekwa chini ya kiti.

Dawa yake ni ya jana, si ya asubuhi. Kwanza, toa makaroni jikoni dakika tatu kabla ya muda ulioandikwa kwenye paketi, yakiwa bado na ugumu katikati. Pili, mchuzi mweupe uwe mwepesi kuliko moyo wako unavyotaka. Kwa kilo moja ya makaroni, ambayo inatosha watu wazima kumi na watoto kadhaa, weka lita mbili za maziwa kwa gramu 120 za unga wa ngano na gramu 120 za Blue Band. Ungekuwa unapika cha kula saa hiyo hiyo, lita moja na nusu ya maziwa ingetosha kwa unga ule ule. Maziwa yawe ya uvuguvugu na yaingie kidogo kidogo huku ukikoroga, la sivyo utashinda jioni nzima ukiwinda madonge. Asubuhi, kabla ya kuoka, nyunyizia kikombe kimoja cha maziwa juu ya treya. Wapo wanaovunja mayai mawili matatu ndani ili treya ikatike vipande. Kwa chakula kinachosafirishwa, ni akili nzuri.

Kinachouma mfukoni ni chizi. Hapa ndipo ule ushauri wangu wa mbuzi unapolipa: toa nyama ya kusaga yote, pesa yake iende kwenye chizi, utengeneze makaroni ya chizi tupu ya kuliwa pamoja na choma. Kama bajeti hairuhusu hata hivyo, tumia chizi nusu, na juu yake weka mkate mkavu uliosagwa na kukaangwa kidogo kwa Blue Band. Huo mkate uwekwe asubuhi. Ukiulaza nao unalowa na kuwa uji.

Treya ya viazi ina tabia tofauti kabisa. Nyama ya kusaga iliyoungwa kwa vitunguu, karoti, njegere, nyanya na tangawizi kidogo inazidi kukolea inapolala, na viazi vilivyo juu yake havina cha kufyonza kwa sababu vimeshashiba maziwa na siagi tangu jana. Isitoshe, vinaifunika nyama, hivyo ikipashwa haikauki. Sijui chakula kingine cha oveni ambacho hakijali kabisa kama kimeokwa leo au kesho.

Kina masharti machache. Nyama iive mpaka mchuzi upungue, ubaki wa kulainisha tu. Kisha ipoe kabisa kabla hujaweka viazi. Ikiwa ya moto, viazi vinazama na mchuzi unapanda pembeni, na kesho yake treya haina tabaka, ina mchanganyiko. Viazi vipondwe kwa mwiko au kwa chuma cha kupondea, wala usithubutu kuvitia kwenye blenda: blenda huvunja wanga wote na kukuletea gundi. Sokoni, iwe Mbuyuni au Kilombero, omba viazi vya chipsi, vile vikavu vinavyomeguka vikiiva. Vile vya maji maji vinafaa mchuzi, havifai kuponda.

Kwa watu kumi hadi kumi na wawili: kilo tatu za viazi, kilo moja na nusu ya nyama ya kusaga, vikombe viwili vya maziwa ya moto, gramu 150 za Blue Band. Hiyo inajaza treya mbili za sentimita 20 kwa 30 hivi. Juu pitisha uma uchore mistari, maana ile mistari ndiyo inayoshika rangi ya kahawia. Kutoka friji, oveni iwe nyuzi 180: dakika 45 ikiwa na foili, kisha dakika 15 bila foili. Chomeka kisu katikati, hesabu mpaka kumi, kichomoe na ukiguse. Kisu kisipokuunguza, treya irudi ndani. Pembeni kunaweza kuwa kunatokota huku katikati bado ni ya friji.

Kwenye gari vyote viwili vinasafiri vizuri vikiwa baridi. Foili, kitambaa, katoni, basi. Viazi vinashinda kwa jambo moja zaidi: ukifika kwa wazee ukakuta hakuna oveni, vinapashika kwa mkaa. Nitaeleza chini.

Kati ya hivi viwili, mimi nachagua viazi. Naacha uamuzi huo pale tu watoto wanapokuwa wengi kuliko wazee. Mtoto hajali ukavu, anajali umbo, na makaroni yana umbo. Mzee naye akiona makaroni atakuuliza, bila ubaya wowote, "Mwanangu, hizi tambi ni za watoto. Chakula chetu kiko wapi?" Viazi havijawahi kuulizwa swali hilo.

Machalari: hapa moyo na akili vinagombana

Mtu ametoka Dar, amekaa barabarani kutwa, au amepanda basi la usiku akashuka alfajiri, amekuja kuhesabiwa, kama wenzake wanavyomtania kila anaporudi kwao Krismasi. Umpe makaroni? Anataka ndizi. Anataka mshare zilizoiva kwenye mchuzi wa nyama yenye mfupa, zenye rojo zito. Hilo nalielewa, na kwa sababu hiyo machalari hayawezi kukosekana kwenye orodha hii, ingawa kati ya vyote vinne ndiyo yanayoteswa zaidi na usiku.

Tazama sufuria la machalari lililolala. Jana jioni ndizi zilikuwa na rangi ya krimu yenye unjano kidogo, zikielea kwenye mchuzi. Asubuhi mchuzi umekwisha. Wanga wa ndizi ukipoa hujifunga na kukaza, na rojo lote limeganda. Rangi imeingia ukijivu. Ukilirudisha motoni hivyo hivyo, chini linashika kabla juu halijapata joto. Ukiongeza maji inabidi ukoroge, na ukikoroga ndizi zinavunjika. Dakika kumi baadaye una mtori. Mtori si mbaya, lakini uliahidi machalari.

Kwa hiyo gawanya kazi. Jana yake shughulikia nyama: kwa watu kumi, kilo mbili na nusu yenye mfupa, ichemke kwa tangawizi, kitunguu swaumu na chumvi mpaka ilegee. Kaanga vitunguu, nyanya, karoti na hoho pembeni, changanya, acha ipoe, ingiza kwenye friji. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu. Yakiwa mengi mno, yaondoe kwa kijiko. Nyama na mchuzi wake haviharibiwi na usiku, vinapendezwa nao. Ni ndizi tu zinazotaka kuiva siku ileile.

Kumenya kunaweza kufanyika usiku, na kumenya ndiyo kazi yenyewe. Ukihesabu ndizi nne kwa kila mtu mzima, nyumba yenye watu ishirini ina deli zima la kumenya. Paka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu kabla hujaanza. Utomvu wa mshare ukishakaukia kwenye vidole unakuwa mweusi, na sabuni haiutoi; kesho yake kanisani wanawake wanajuana kwa vidole nani alimenya na nani alikuwa akitazama televisheni. Ndizi ziingie moja kwa moja kwenye maji yenye limau, maana kinachozigeuza rangi ni hewa, na ndimu au limau huchelewesha mgeuko huo. Weka sahani juu yake zisielee. Sehemu itakayochungulia nje ya maji ndiyo itakayokuwa nyeusi asubuhi. Chombo kikae friji au pembe ya baridi kuliko zote ndani ya nyumba.

Siku ya siku, mchuzi uchemke vizuri, ndizi ziingie, na baada ya dakika thelathini hadi arobaini zimeiva. Wanaotia tui la nazi au maziwa watie mwishoni. Kila nyumba ina msimamo wake kwenye jambo hilo na mimi siingilii ndoa za watu.

Hapa sasa ndipo uchaguzi ulipo: machalari yanahitaji mtu wa kubaki na jiko. Kwa kawaida ni yule aliyekwenda mkesha wa tarehe 24, ambaye kesho yake ana udhuru halali. Kama nyumba yako ina mtu huyo, na anajua kusikiliza sufuria, chagua machalari bila wasiwasi. Kama wote mnakwenda ibada ya asubuhi na mnarudi pamoja, achana nayo. Kurudi saa nane ndipo uanze kutumbukiza ndizi ni kuwaweka wageni njaa kwa sababu ya fahari.

Kwenye gari ni balaa. Sufuria la mchuzi na kona za kupanda Kibosho haviivani. Beba nyama na mchuzi vikiwa baridi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na ndizi uzikute kulekule. Ziko kihambani, nyuma ya nyumba. Mtu anayenunua ndizi mjini akazipeleka Marangu atachekwa mpaka Pasaka.

Kiburu, ndizi na maharage, kinalala vizuri zaidi ya machalari kwa sababu hata kikiwa kipya ni kizito na kimevurugika. Hakuna umbo la kuharibu. Wageni wa mbali hawakifahamu, lakini kwa meza ya ukoo peke yake kinatosha.

Makande

Kama ningekuwa natoa alama kwa kigezo cha usiku peke yake, makande yangeongoza na wengine wangefuata kwa mbali. Makande ya siku ya pili ni bora kuliko ya siku ya kwanza. Mahindi yamefunguka, maharage yameachia rojo, chumvi imefika ndani. Unaweza kuyapika tarehe 23, yakalala siku mbili kwenye friji, na hakuna atakayejua.

Tatizo lake ni bweni. Kila aliyesoma shule ya kulala ameyala kwa miaka minne au sita, yakiwa na chumvi na maji, na wapo walioapa. Ndiyo maana watu wanayaona hayafai sikukuu. Mimi naona tunayaonea. Makande ya nyumbani yaliyoungwa kwa vitunguu vingi vya kukaanga mpaka vikawa kahawia, nyanya, karoti, na tui zito la nazi, yakawekwa kando ya mbavu za mbuzi na kachumbari ya pilipili, hayana undugu na yale ya bwenini. Na kwa kuwa mbuzi yupo, hayahitaji nyama ndani.

Kwa watu kumi: kilo moja ya mahindi yaliyokobolewa na nusu kilo ya maharage, vyote vilowekwe usiku mzima kwenye vyombo tofauti. Maji ya kulowekea yamwagwe. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu, yatokote hasa, si kuwekwa kwenye moto mdogo tangu mwanzo. Yana sumu ya asili inayoumiza tumbo, nayo inaondolewa na mtokoto, haiondolewi na uvuguvugu. Kisha subiri. Hapa kwetu subira hiyo ni ndefu kuliko Dar, na kosa si la mkaa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemkia kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Moshi mjini, ambako ni chini zaidi, ni kama 97; ukipanda Marangu umerudi kwenye 95 au pungufu. Maji yanatokota mbele ya macho yako lakini si ya moto kama ya pwani, kwa hiyo mahindi yanachukua saa tatu kwa raha zake. Presha kuka inalimaliza tatizo hilo. Magadi pia yanaharakisha, ila yanakula ladha na sehemu ya vitamini, na ukizidisha kidogo yanaacha ladha ya sabuni.

Tui litiwe siku ya kula. Makande yaliyolala na tui ndani huchacha kabla ya kitu kingine chochote kwenye friji.

Kwa walio upande wa Arusha kuna njia fupi zaidi, nao wanaijua kuliko mimi: loshoro. Mahindi ya makande yaliyopikwa yakapoa, yakachanganywa na mtindi. Huliwa baridi. Hakuna oveni, hakuna mkaa wa asubuhi, hakuna anayebaki nyumbani. Pika mahindi jana, yaweke kwenye friji, changanya na mtindi mkirudi kanisani, gawa kwa vikombe. Kwa kuziba pengo kabla ya nyama hakuna kinachoifikia. Mgeni asiyeizoea atashangaa kidogo, kisha ataomba kikombe cha pili au hataomba. Kwa vyovyote hujapoteza kitu.

Pilau na biriani

Pilau usiipike jana yake. Wali uliopikwa ukaachwa kwenye sufuria usiku kucha unaweza kuota bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukipasha mpaka utoe moshi. Najua sote tumekula kiporo cha wali na chai, tukaenda shule. Lakini sufuria la kilo tano halipoi kama kibakuli cha kiporo, katikati linabaki vuguvugu mpaka alfajiri, na mezani kuna vichanga na wazee wa miaka themanini. Biriani inagawanyika yenyewe: rosti ya nyama ipikwe jana, wali uchemshwe leo. Ukitaka wali kwa lazima, hiyo ndiyo njia, na mchele wa Kahe unaufanya ule wali upendeze hata bila rangi.

Friji iliyojaa soda, na jiko lisilo na oveni

Mapishi haya yote ya jana yake yanasimama juu ya friji, na friji ya Krismasi imejaa soda na bia. Huo ugomvi umalizwe tarehe 23. Vinywaji viende kwenye deli la maji na barafu. Chakula kiingie kwenye friji. Na kiingie kikiwa kimepoa, ndani ya saa mbili tangu kitoke motoni. Sufuria kubwa halipoi lenyewe kwa muda huo, hasa Moshi ambako Desemba ni joto, kwa hiyo kigawe chakula kwenye treya au mabakuli yasiyo na kina, au kalisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi na ukoroge mara kwa mara. Umeme ukikatika usiku usifungue friji kuchungulia. Ikibaki imefungwa inashika ubaridi kwa takriban saa nne.

Kama hakuna friji kabisa, badili mpango: usipike mapema, andaa mapema. Baridi ya usiku kule juu mlimani inadanganya. Inatosha kuvaa sweta, haitoshi kulinda nyama ya kusaga na maziwa. Loweka mahindi na maharage, chambua viungo, menya ndizi uziweke kwenye maji yenye limau, na upike alfajiri. Makaroni na treya ya viazi vitoke kwenye orodha.

Na kama friji ipo lakini oveni hakuna, usikate tamaa na viazi. Ni mtindo uleule wa keki ya mkaa. Sufuria kubwa lenye mfuniko bapa, mchanga mkavu chini kama sentimita mbili, treya au sufuria dogo lenye chakula juu ya mchanga, mfuniko, kisha makaa mengi juu na machache chini. Wanaoshindwa huweka makaa mengi chini, wakaunguza nyama huku viazi vikibaki vyeupe. Toa treya kwenye friji mapema kidogo kabla ya kuiweka humo, kama nusu saa hivi, maana moto wa namna hii ni wa polepole. Makaroni nayo yanaweza kupashwa hivyo, ila yanakauka haraka. Kikombe cha maziwa cha kunyunyizia kiwe viwili.

Gesi nayo ipimwe mapema. Utikise mtungi tarehe 22, si tarehe 25 saa tano asubuhi wakati duka la jirani limefungwa na mwenyewe yuko kwao Rombo.

Kwa hiyo, nani apike nini

Nyumba ya mjini yenye oveni na friji, watu wote wanakwenda ibada ya asubuhi: treya za viazi, na treya moja ya makaroni ya chizi kwa ajili ya watoto. Washa oveni mkirudi, na ndani ya saa moja mnakula. Ukiwa na oveni ya kujipangia muda, hata hiyo saa moja huipotezi, ila treya isikae humo ndani bila moto tangu asubuhi na mapema.

Unapika mjini unakula kijijini, na kijijini kuna mkaa tu: makande yaliyopikwa tarehe 23 au 24, yabebwe makavu bila tui, yaungwe hukohuko. Treya ya viazi inaweza kuwa ya pili kama safari haizidi saa moja na kuna mtu mwenye mkono wa makaa ya juu na chini.

Kuna mtu wa kubaki na jiko, na wageni wengi ni wale wa kutoka mbali: machalari, kwa ule mpango wa nyama jana na ndizi leo. Hapa usiweke kitu kingine kizito pembeni. Watakula ndizi, na watarudia.

Familia ya Arusha yenye wakwe kutoka pande mbili, wengine wanadai ndizi, wengine wanadai mahindi: loshoro iwe ya kwanza wakifika, machalari yafuate kama yameiva, na kama hayajaiva hakuna aliyekasirika kwa sababu ameshakunywa kikombe.

Ukipika kwa ajili ya watu zaidi ya thelathini, makande tena. Kuongeza makande ni kuongeza maji na sufuria kubwa zaidi. Kuongeza treya za viazi ni kutafuta oveni ya jirani, na jirani naye ana treya zake.

Kachumbari, kwa chakula chochote utakachochagua, haiandaliwi jana wala asubuhi. Chumvi huivuta nyanya ikatoa maji yote. Vitunguu unaweza kuvikata mapema, ukavifikicha kwa chumvi na kuvisuuza. Nyanya, pilipili na ndimu zingoje mpaka usikie panga linagonga gogo la kukatia mbuzi.